Niliuza Sabuni kwa Hisa, Mke Wangu Akaota Masharubu

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne na nusu asubuhi, nilimkuta marehemu mke wangu dukani akiwa na masharubu.

Sikuwa nimelewa. Sinywi tangu nimzike.

Alikuwa kwenye rafu, katikati ya sabuni za unga na brashi za choo. Uso ni wake, kilemba ni chake, lile tabasamu la upande mmoja ni lake. Masharubu si yake.

Nikampigia shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ni kinyozi mtaa wa pili. Akaja na kitana kimechomekwa kichwani. Akashika sabuni, akaisogeza kwenye mwanga.

"Shemeji, nisiwe mwongo. Yamechongwa vizuri."

"Huyo ni dada yako."

"Namuona. Amekuwa baba mtupu."

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Mimi na mke wangu tulikuwa na kiwanda. Nikisema kiwanda msifikirie bomba la moshi. Ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, masufuria mawili makubwa, mbao za kugandishia na waya wa kukatia miche. Watu walimwita Mama Povu, na picha yake ndiyo ilikuwa kwenye karatasi ya sabuni.

Alipofariki, kwa uzembe wa wakubwa wa hospitali ambao siku hiyo wote walikuwa semina, nilibaki na ile picha. Kila nikifunga mche, namsalimia.

Basi ikaja kampuni kubwa. Inataka kiwanda, jina na kila kitu. Wakamleta mwanasheria mwenye viatu vya ncha.

"Mzee, chagua. Tukulipe taslimu, au tukupe hisa za kampuni yetu."

Shemeji akanikanyaga mguu chini ya meza. "Chukua pesa. Hisa huwezi kupanda nazo basi."

Mwanasheria akaendelea kunipambia hisa. Ukichukua taslimu, kodi inakukata mwaka huu huu. Ukichukua hisa, kodi inasubiri mpaka utakapoziuza, ila kuziuza marufuku kabla ya miaka miwili. Kampuni ikipanda, unapanda nayo. Ikishuka, akakohoa.

Wenzangu waliouza vibiashara vyao, nasikia wengi hukubali hisa kwa sababu kama hizo. Mimi nilikuwa na yangu.

"Nikichukua hisa nakuwa nani?"

"Unakuwa mmoja wa wenye kampuni."

"Na wakubwa nitaweza kuwasema?"

"Mara moja kwa mwaka, kwenye mkutano mkuu. Unapewa kipaza sauti."

Jamani. Maisha yangu yote nimewasema wakubwa nikiwa kwenye benchi la kinyozi, wanaosikia ni wenye mapovu kidevuni. Leo napewa kipaza sauti. Tena nikajiambia, nikiwa humo ndani, nani atathubutu kumgusa Mama Povu?

Nikatia sahihi zote bila kupepesa macho.

Sasa turudi kwenye masharubu.

Mkutano mkuu ulikuwa wiki mbili baada ya ile Jumanne. Nilivaa suti niliyomuolea. Shemeji akanisindikiza, akazuiwa mlangoni kwa kuwa hana hisa hata moja. Nikangoja zamu yangu, nikasimama.

"Mwenyekiti, mimi ni mume wa Mama Povu. Nataka jina la mtu aliyemtia mke wangu masharubu. Jina tu. Nimechoka kuonewa na wakubwa."

Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani mizito, akanijibu kwa adabu kabisa.

"Pole, baba. Tulitaka wanaume nao wainunue. Lakini ulipochukua hisa, mkataba ulikupa wewe neno la mwisho juu ya picha ile. Tulikuandikia mwezi wa kwanza kuomba ruhusa. Ukaruhusu."

"Mimi?"

Katibu akaleta fomu. Maswali matatu, na chini sahihi yangu, ile yenye mkia.

Nikaikumbuka. Ilikuja pamoja na barua ya mkutano, maandishi madogo kama sisimizi. Nilidhani wanauliza kama nitakuja, kama nitakula, na kama nitakuja na mtu. Nikajibu ndiyo yote matatu.

Kumbe pale niliposema nitakula ndipo yalipoota masharubu.

Nikaomba yanyolewe. Wakasema karatasi za mwaka mzima zimeshachapwa, na wanaume wananunua kweli.

Nilipomsimulia shemeji pale nje, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akalia, maana ni dada yake.

Wenzangu wenye vibiashara, mkilipwa kwa hisa jueni mmepewa na lawama humo humo. Aliyelipwa taslimu akikosewa anamtukana mwenye kampuni, roho inatulia. Mimi nikimtukana, naambiwa nitafute kioo. Na karatasi zisomeni, au msomewe na mtu asiye na njaa.

Kabla ya kukaa niliuliza swali moja. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akasema limepokelewa. Huu ni mwezi wa nne tangu mkutano, sijajibiwa.

Niliuliza hivi: mwenye kampuni amemkosea mume wa Mama Povu, na wote wawili ni mimi, sasa nani amwombe nani radhi?