Kijiti Nilichohamisha Ukutani kwa Serugendo

Wiki iliyopita vijana walikuja kukata matawi ya mvumu nyuma ya chumba ninachopanga hapa Goma, nami nikajikuta nimefunga dirisha kabla ya kujua kwa nini. Mvumu ukikatwa hutoa utomvu mweupe, mzito, wenye harufu ya maziwa yaliyoanza kuchacha kwenye kibuyu. Si harufu mbaya. Mwenye nyumba aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni vumbi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi huku nikijiuliza kama niwaeleze watu jambo hili au ninyamaze, na kama nikieleza, nianzie wapi ili nisionekane najitetea. Basi naanzia kwenye mawe.

Tulikaa juu kidogo ya Kibati, kwenye ile ardhi nyeusi ambayo mlima wa moto wa Nyiragongo uliimwaga zamani na kuiacha ipoe. Huko hakuna mto. Mvua inaweza kunyesha nusu ya siku, na saa moja baadaye ardhi imeinywa yote, unabaki ukitafuta maji ya kunawa uso. Ukitembea pekupeku mawe yanakukata, lakini mgomba ukipata ufa wenye udongo unazaa mpaka unaanguka. Nyumba zetu hazikupangwa kama zilivyo kwenye picha za vitabu. Moja ilikuwa hapa, nyingine kule, kila moja imejificha ndani ya migomba yake, na mlima unatoa moshi nyuma ya zote.

Papa, baba yangu, alikuwa kapita wa mahali pale, yaani mtu wa chifu wa karibu kabisa na watu. Kazi yake ilikuwa kujua nani amezaa, nani amehama, nani anaweza kwenda kuvunja mawe ya barabara ya Rutshuru na nani hawezi. Mpaka wa eneo lake aliujua kwa miguu. Ulianza pale maji ya mvua yanapopotelea ardhini, ukapita kwenye mwamba unaofanana na ng'ombe aliyelala, kisha ukateremka hadi barabarani. Wazee walibishana kama yule ng'ombe alikuwa analala upande wetu au upande wa jirani, na ubishi huo ulikwisha kila mara kwa pombe ya ndizi. Nadhani hawakutaka uishe kabisa.

Miaka michache kabla ya uhuru, serikali ilichoka na ng'ombe wa mawe. Ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, iliamua nchi yetu ikatwe miraba: kila mraba na kapita wake, daftari lake na siku zake za kazi ya barabara. Alikuja mpimaji, mzungu mwembamba aliyebeba chombo cha kuchungulia chenye miguu mitatu. Sisi watoto tulimwita Bwana Miguu Mitano, kwa sababu tulihesabu na ya kwake. Wasaidizi wake walivuta mnyororo wa kupimia katikati ya migomba, wakichoma alama ardhini. Walikuja na vyuma, lakini vyuma vilipinda kwenye mawe na kuisha kabla ya kufika kwetu. Wakakata matawi ya mvumu, wakayachonga, wakaendelea nayo.

Ninyi mnaosoma, naomba mnisikilize vizuri hapa, maana kila kitu kinatoka hapa. Nyumbani kwetu mtu alipozikwa, kando ya msalaba wa mapadri, mtoto wake wa kwanza alichoma kijiti kibichi cha mvumu upande wa kichwa. Kikichipua, tulijua marehemu amepokea mahali pake. Hakuna aliyethubutu kuchoma kijiti kibichi cha mvumu karibu na ukuta anapolala mtu aliye hai. Hatukuhitaji kukatazwa, kama vile hakuna anayehitaji kukatazwa kulala kwenye jeneza.

Wasaidizi wa mpimaji hawakuwa watu wa kwetu. Walichoma kijiti kimoja nyuma ya nyumba ya jirani yetu Serugendo, hatua mbili tu kutoka ukuta wa chumba chake, upande aliolaza kichwa.

Serugendo alikuwa rafiki wa papa na mfuga nyuki. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na mchana alikaa mlangoni akiota jua, akitania kila aliyepita. Papa hakumpeleka barabarani hata siku moja. Alimwandika kwenye kazi ya kuhesabu majembe, kazi ambayo hata jongoo angeimaliza kabla ya chai. Binti yake wa kwanza, Mukandori, alikuwa na miaka tisa kama mimi, na kama kulikuwa na siku tuliyokula mbali mbali, siikumbuki.

Siku vijiti vile vilipochomwa, karani alikusanya watu akasoma onyo: kijiti kikiguswa, kapita wa mahali hapo atachapwa fimbo mbele ya watu wake na kuvuliwa kofia yake ya ukapita. Nililisikia onyo lile. Nimejaribu mara nyingi kujishawishi kwamba sikulisikia, lakini nilikuwa nimesimama mbele, nikitazama viatu vya karani. Nilidhani tu kwamba maneno ya serikali yalikuwa ya watu wakubwa, kama kodi.

Kesho yake alasiri Mukandori alinivuta nyuma ya nyumba yao. Hakulia. Alinionyesha kijiti kwa kidevu, bila kunyoosha kidole.

"Bamechoma ya papa," alisema. "Na papa hajakufa."

"Ni ya serikali ile."

"Mimi njo nilipashwa kuichoma siku yake ikifika. Mimi, hapana bale."

Kutoka ndani ya ukuta tulimsikia baba yake akikohoa, kikohozi kirefu, kisha kimya. Mimi nilikitazama kijiti. Utomvu ulikuwa umekauka kwenye gome lake kama machozi ya mtu asiyenawa.

"Tukitoshe hapa, tukipeleke pengine," nilisema.

"Mimi siwezi kukigusa. Niko mutoto yake. Weye unaweza."

Nilikishika kwa mikono miwili. Nilitegemea kupigana nacho, lakini kilikuwa kimebanwa tu kati ya mawe mawili, kikatoka kwa urahisi ulionitisha, utomvu mbichi wa ncha yake ukininata viganjani. Nilifikiri kwa makini sana mahali pa kukipeleka. Hata wakati huo nilikuwa mtu wa kufikiri kwa makini sana. Nisingeweza kukitupa, kwa sababu mpimaji angekitafuta. Nikaona papo mahali pasipolala mtu: kijia kilichotenganisha nyumba yao na yetu. Nilizunguka nyumba nimekibeba begani, na sikukumbuka kwamba alasiri Serugendo huwa amekaa mlangoni.

"Unabeba nini, binti ya kapita?"

"Kuni, papa."

"Kuni moja? Mama yako anaenda kupika nini, yai ya kinda?"

Alicheka hadi kikohozi kikamshika. Nilipita haraka, nikakichoma kijiti kandoni mwa kijia, nikakikandamiza kwa mawe. Niliamini nimetoa kifo nyumbani mwao kwa mikono yangu, na niliporudi nyumbani nilikuwa na kiburi ambacho sijawahi kuwa nacho tena, hata siku ya kupokea diploma.

Siku ya tatu mpimaji alirudi na chombo chake kuandika mstari kwenye karatasi. Alichungulia, akakunja uso, akachungulia tena. Mstari ulikuja umenyooka kutoka mlimani, ukafika kwa Serugendo, ukajikunja kuelekea kwetu kama mtu anayekwepa dimbwi. Papa aliitwa. Watu walikusanyika. Mimi nilisimama nyuma ya mama nikishika kitenge chake.

"Kapita," mpimaji aliuliza kwa Kiswahili chake kigumu, "fimbo hii walichoma hapa?"

Papa alikuwapo walipokichoma. Alitazama kijia, akatazama ukuta wa Serugendo, kisha akanitazama mimi. Viganja vyangu vilikuwa bado vyeusi. Utomvu wa mvumu ukishika vumbi la mawe yetu hautoki kwa maji. Akafungua mdomo. Sijui alitaka kusema nini, na hilo ni moja ya mambo ninayoyarudia.

Serugendo alitangulia kusema, akiwa amekaa pale pale mlangoni.

"Ni hapo hapo, Bwana. Niliona na macho yangu. Batu yako walizunguka migomba, mawe ya huku juu yaliwashinda."

"Wewe uliona?"

"Kazi yangu ni kukaa hapa na kuona, Bwana. Uliza nyuki zangu."

Watu walicheka. Msaidizi wa mpimaji, aliyeogopa kulaumiwa, alitikisa kichwa kukubali. Mpimaji akaandika. Papa alikuja akanishika mkono, akanipeleka kwenye mtungi na kunisugua viganja kwa majivu hadi vikauma. Nilidhani amechukia uchafu.

Hivyo ndivyo nyumba ya Serugendo, ambayo kijiti kilipochomwa kwanza ilikuwa upande wetu, ilivyobaki ng'ambo. Mraba wa pili ulipewa kapita mpya, aliyeletwa kutoka mbali, asiyemjua mtu, na daftari lake lilikuwa na majina bila vifua. Jina la Serugendo liliandikwa kati ya wanaume wa kuvunja mawe ya barabara. Papa alikwenda kumwombea. Nilikuwa naye, naye kapita mpya hakuwa hata mkali. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye jina.

"Huyu ni wa kwangu," alisema. "Wa kwako ni wale wa chini ya kijia. Miye siingiake kwa wako, muzee."

Serugendo alivunja mawe msimu mmoja. Vumbi la yale mawe ni jembamba kama unga, na jioni alirudi na nyusi za kijivu, bado anatania, lakini kwa sentensi fupi. Kisha utani ukawa neno moja moja. Kisha akawa anapunga mkono tu. Alikufa mvua zilipoanza. Mukandori alichoma kijiti upande wa kichwa, na mimi nilisimama nikisubiri mtu anielekezee kidole. Hakuna aliyefanya hivyo.

Cha kwake hakikuchipua. Changu kilichipua. Kile cha kwenye kijia kilitoa majani kiangazi kile kile cha kuvunja mawe, kisha matawi, na baada ya miaka miwili kilikuwa na kivuli. Watu wengine walipumzika chini yake. Mimi nilizunguka kwa nyuma, kwenye mawe yanayokata, kila siku niliyokwenda shule. Upepo ulipopita kwenye majani yake nilisikia mtu akivuta pumzi kabla ya kukohoa. Nilisimama kusubiri kikohozi chenyewe. Hakikuja, na kutokuja kwake kulinifuata hadi darasani.

Nilisoma jiografia, na sijui kama niliichagua. Chuoni profesa alituonyesha picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, za nchi tambarare huko Amerika, iliyokatwa miraba hadi mwisho wa macho, kila mraba na mashamba yake, njia zake zilizonyooka na ukumbi wake mdogo wa baraza la wakulima. Wenzangu walisifu utaratibu ule. Mimi nilikaa nikitafuta mahali mstari unapojikunja. Niliporudi Goma nikaomba kuona ramani ya kwetu, na karani mmoja mwema akanitandikia mezani. Ulikuwepo, mkunjo wenyewe, mdogo kuliko ukucha. Nilipimia kwa rula: ni hatua arobaini hivi. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amehamisha mpaka wa serikali hatua arobaini, na serikali ikaupaka wino.

Hapo mezani, nikiwa na rula mkononi, ndipo nilipomwona tena Serugendo mlangoni mwake. Si kwamba nilikuwa nimemsahau; sikuwahi kumwona vizuri. Aliniona nikipita na kijiti. Alilisikia onyo la karani kama sisi sote. Alijua mstari ule unatenganisha madaftari, na alijua ni daftari la nani lililomwacha ahesabu majembe. Alijibu haraka ili papa asipate nafasi ya kusema kweli, wala ya kusema uongo. Na papa alinyamaza, akanisugua mikono, akaishi na kunyamaza kule hadi leo. Tukikaa pamoja anaulizia kazi yangu, nami naulizia ndizi zake.

Mukandori anauza samaki kwenye soko la Kituku, kando ya ziwa. Juzi nilikwenda pale asubuhi, mitumbwi ikiwa imeingia, na nikamwambia yote. Nilikuwa nimeyapanga kwa mpangilio kama somo. Alikuwa anapara samaki, na mikono yake haikusimama.

"Hilo njo linakufanyaka ukonde hivi?" aliuliza nilipomaliza.

"Hukunisikia? Mimi ndiye..."

"Nilikusikia. Mimi njo nilikuonyesha kile kijiti, umesahau? Papa yangu alituambia siku ile ile, kabla tuweke chakula. Alisema ulikibeba weye, na hakuna wa kukuambia kitu. Alisema: ule mutoto anafikiriaka sana, mukimwambia hatalala tena."

Alinifungia samaki wawili kwenye jani la mgomba, akakataa pesa, akamgeukia mteja mwingine.

Nilisimama pale na samaki wangu. Siku ile mpimaji alipoondoka, mikono yangu ikiwa bado inauma kwa majivu, nilikwenda kwao kama kawaida. Palikuwa na viazi na maharage. Serugendo mwenyewe alisogea kunipa nafasi mkekani, na mama Mukandori akanisukumia upande wa sahani wenye mchuzi mwingi. Nilikula nikashiba. Wote walikuwa wanajua.