Marehemu Yuko Jikoni

Thaddeus Broussard wa mji wa Lafayette aliacha maelezo yake ya kuomba nafasi ya kusomea udaktari mezani jikoni, akaenda kuoga. Aliporudi alimkuta bibi yake, Odile, ameiacha gumbo yake, ule mchuzi mzito wa bamia, motoni, anayasoma, miwani puani, mwiko mkononi.

"Karibu," akasema bibi. "Marehemu anakusalimia."

"Bibi, hiyo ni rasimu tu."

"Rasimu? Mstari wa pili tu umeshaniua! Eti nilikata roho nimekushika mkono. Nimekufa lini, na mbona sikuambiwa?"

"Wote wanaandika hivyo. Wasomaji wanapenda kulia."

"Basi watumie vitunguu."

Thaddeus akacheka huku uso umemshuka.

"Haya niambie," Odile akaendelea, "nilipolazwa mwaka jana, ulifanya nini hasa?"

"Sikufanya chochote. Nilikaa tu."

"Ulikaa ukinilia chakula changu."

Hapo ndipo Thaddeus alipokumbuka. Daktari mmoja kijana alishaandika kwamba Odile amechanganyikiwa, maana aliulizwa tarehe akajibu habari za samaki. Thaddeus alijua kuwa sikio la kushoto la bibi halisikii, na daktari alisimama upande huohuo. Lakini alimwogopa daktari huyo. Alinyamaza hadi kesho yake, ndipo akamwomba azunguke kitanda. Odile akajibu kila swali, na mengine ambayo hakuulizwa.

Thaddeus akafuta kifo cha bibi, akaandika hilo, pamoja na ule woga wake. Ukurasa ukawa mfupi, nao ukamtia aibu kidogo.

"Sasa huyu namfahamu," akasema Odile alipousoma.

Vyuo vingi vilikaa kimya. Kimoja kikamwita, na profesa aliyemhoji akamuuliza kwa nini alisubiri hadi kesho yake.

"Niliogopa koti jeupe," akajibu.

Profesa akaandika kitu, hakutabasamu. Thaddeus alirudi nyumbani akiamini ameharibu mambo.

Mwezi Machi akapata nafasi katika chuo hicho. Jumapili iliyofuata Odile alitangaza kanisani kwamba mjukuu wake ni daktari. Misa ilipoisha tu, mzee Alcide, muumini mwenzao, akapandisha suruali yake hadi gotini ili Thaddeus amtazame goti linalomuuma.

"Mzee wangu, hata darasani sijaingia!"

"We mtoto, angalia goti," akasema Odile. "Watu wamepanga foleni."