Baiskeli Iliyokwenda Kilomita Saba Bila Kula Chaji

Baiskeli yangu ya umeme ilikuwa inatembea kilomita saba kila siku nikiwa kazini, na nikirudi naikuta stoo na chaji imejaa pomoni.

Someni tena hapo. Kilomita zinapanda, chaji haishuki.

Mwingine angesema mashetani. Mimi sikuwaza mashetani. Mimi niliwaza kinyozi.

Tulieni niwasimulie. Na mkicheka, chekeni kwa adabu, maana aliyeaibika ni mimi, na mke wangu anasoma haya akiwa amekaa ubavuni kwangu.

Kazi yangu ni kusoma mita za umeme. Mlango kwa mlango, mwaka wa kumi na sita huu. Mtaani wananiita Bwana Mita. Ugonjwa wa kazi hii ni kwamba macho hayapiti penye namba bila kuzisoma. Nikiingia kwa watu nasoma mpaka tarehe kwenye pakiti ya maziwa. Mke wangu anadai hata siku ya harusi yetu nilikuwa nasoma saa ya ukutani. Anaongeza chumvi. Saa yenyewe ilikuwa imesimama, nikashangaa tu.

Mwaka jana nikanunua gari la haibridi, lile linalokwenda kwa mafuta na kwa umeme. Nililinunua kwa ajili ya mama yangu, ambaye tunaishi naye. Mama alianguka bafuni akavunjika mfupa wa paja, akapasuliwa, akarudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Daktari akasema mfupa umeunga vizuri, kilichobaki ni mazoezi.

Mama akasema miguu yake imestaafu, tusiisumbue.

Basi kila siku ya kliniki namnyanyua mikononi kutoka barazani mpaka kwenye gari, majirani wakitazama, na mama anafumba macho mpaka nimketishe.

Gari lenyewe halina kelele. Nikiliwasha, mama anauliza, "Limezimika?"

"Linatembea, mama."

"Linatembeaje na halisemi?"

Ila gari halipiti vichochoroni ninakosomea mita. Ndipo nikanunua skuta ya umeme ya kukunja, inalala kwenye buti. Nafika, naegesha barabarani, nafungua buti, napanda skuta, napotelea vichochoroni. Halafu nikaona kuwasha gari kwa ajili ya mkate ni ufujaji, nikaongeza baiskeli ya umeme ya kukaa nyumbani. Mbali gari, karibu baiskeli, kwembamba skuta. Mpango huo nilimweleza kila aliyesimama karibu nami kwa zaidi ya dakika moja.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi bomba, na mdomo wake hauna koki. Alivikagua vyombo vyote vitatu akaniambia, "Shemeji, bado ngazi ya umeme ya kupandia kitandani. Hiyo miguu uliyopewa unamtunzia nani?"

Nikamwambia ana wivu.

Sasa, baiskeli ina kioo kidogo kwenye usukani. Kinaonyesha kilomita zote ilizotembea tangu itoke dukani, na vijiti vitano vya chaji. Kila jioni nikirudi naingia stoo, nasoma. Mwanzoni iliongezeka kilomita moja, mbili. Nikasema mke wangu kaenda dukani. Ikafika nne. Nikasema kaenda duka la mbali. Halafu ikatulia kwenye saba. Jumatatu saba. Jumanne saba. Jumatano saba. Jumamosi na Jumapili, ninaposhinda nyumbani, sifuri.

Na vijiti vyote vitano vimesimama wima, hakuna hata kimoja kilichopungua.

Nikamuuliza mke wangu kwa upole, "Leo ulitoka?"

"Nitoke niende wapi, na nguo za watu zote hizi?" Yeye ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele. Hakuinua hata macho.

Lakini mama, aliyekuwa pembeni kwenye kiti chake, akakohoa.

Jamani, kile kikohozi kilinimaliza. Mama na mke wangu ni paka na panya siku zote: leo chumvi, kesho dirisha, keshokutwa sauti ya redio. Nikaona hapa mama anajua jambo, ila anamsitiri mkwe wake ili nyumba isivunjike.

Kwetu kazini, mtu akitumia umeme na mita haisogei, tunajua anaiba. Hapa mambo yalikuwa kichwa chini miguu juu: safari ipo, matumizi hakuna. Nikapiga hesabu ya kitaalamu. Mtu anatoka, anafika anakokwenda, anachomeka chaja huko huko, betri inajaa, anarudi. Kilomita saba gawanya kwa mbili, tatu na nusu.

Nikachukua ramani ya kazini nikachora duara kwa kalamu nyekundu. Nyumba yetu katikati, kilomita tatu na nusu kila upande. Nikaufuata mstari kwa kidole. Shule. Ghala la saruji. Uwanja wa mpira.

Kidole kikasimama.

Kinyozi.

Tena si kinyozi hivi hivi. Huyu ndiye aliyemchumbia mke wangu kabla yangu, akakataliwa. Enzi hizo alikuwa na nywele za kupendeza na sauti nzito. Na saluni, mnajua wenyewe, haikosi soketi.

Nikaweka alama ya msalaba hapo.

Niliumia, sitawaficha. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na bado nikisikia cherehani yake kutoka barabarani moyo unatulia. Sasa akinipa chai natazama ule mkono nikijiuliza jana ulishika usukani kwenda kwa nani.

Lakini sikumuuliza. Hapo ndipo nilipoharibu, ila tuendelee.

Mita tukiitilia shaka tunaifunga sili, ile waya nyembamba yenye kipande cha risasi kinachobanwa kwa koleo. Ukiikata, tunajua. Asubuhi moja nikaifunga waya hiyo kwenye gurudumu la mbele la baiskeli na fremu yake, nikabana risasi, nikaenda kazini natabasamu. Baiskeli iliyofungwa vile haitoki hata getini.

Jioni nikarudi. Sili nzima, haijaguswa.

Kilomita saba.

Siku ya pili sili nzima, kilomita saba. Siku ya tatu vile vile. Nikakaa chini kwenye sakafu ya stoo, na kwa dakika kadhaa nilirudi kwenye suala la mashetani.

Kisha wivu ukanipa jibu: wamepata koleo kama langu. Nikaamua kufumania. Na fumanizi linataka shahidi, kwa hiyo nikampigia shemeji. Nikamwambia kesho saa nne asubuhi tuonane, kuna jambo la dada yake nataka alione kwa macho yake. Na akishaliona, aondoke naye amrudishe kwao.

Ndiyo, nilisema hivyo. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu.

Shemeji, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutania. Aliuliza tu, "Una uhakika?"

"Nina namba," nikamjibu.

Siku hiyo ndiyo niliyojua faida ya haibridi. Nikalipeleka gari taratibu kwa umeme mtupu, tukaingia uani hata kuku hawakushtuka. Mkononi nina ramani yangu. Tukanyata mpaka mlango wa stoo, tukatega sikio.

Ndani gurudumu linazunguka, vuuuu. Mtu anahema. Na sauti ya mke wangu: "Kaza! Usilegee sasa, bado kidogo!"

Shemeji akanitazama, macho yamemtoka. Nikausukuma mlango.

Juu ya baiskeli alikuwa mama yangu.

Mama yangu mzazi! Amevaa suruali yangu ya mazoezi niliyoitafuta mwezi mzima. Baiskeli imepandishwa kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma, lile linalohesabiwa na kioo, liko hewani, umeme wa kusaidia umezimwa, mama anakanyaga pedeli kwa miguu yake iliyostaafu huku jasho linamtiririka. Mke wangu amemshika kiuno kwa mikono miwili. Ukitoa za jana, kioo kinasema leo ni sita nukta tatu. Nilikisoma kwanza, msinilaumu.

"Funga mlango," mama akasema, hata hakuacha kukanyaga. "Upepo."

Nikafunga.

"Mama, kumbe... kwa nini hamkuniambia?"

"Nikuambie ili uje na kidaftari? Mama leo ngapi, mama jana ngapi, mama mbona zimeshuka? Nakujua, nimekuzaa." Akahema kidogo. "Yule mtaalamu wa mazoezi kliniki alisema nikanyage baiskeli isiyokwenda. Nikamwambia mkwe wangu, iko moja stoo haina kazi. Tukaanza."

"Nyinyi wawili?"

"Hatupatani kwenye chumvi. Miguu ni jambo jingine." Kisha sauti ikamshuka. "Mwanangu, nilikubeba mgongoni mpaka ukajua kutembea. Leo unanibeba mimi, watu wanatazama, nafumba macho nisiwaone. Nilitaka siku moja niende mwenyewe mpaka kwenye hilo gari lako bubu. Na nikishindwa, usijue kwamba nilijaribu."

Nikainamisha macho, yakaangukia ile sili kwenye gurudumu la mbele.

"Halafu ahsante kwa ile waya," akaongeza. "Zamani gurudumu la mbele lilikuwa linacheza, naogopa kuanguka. Tangu ulifunge, baiskeli imetulia tuli. Nikamwambia mkeo, huyu kashajua siri yetu, ila anasaidia kimya kimya. Na siku ile ulipomuuliza kama alitoka, nilikohoa nisije nikacheka."

Shemeji akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Mke wangu yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama kaka yake. "Na wewe umefuata nini hapa?"

"Mimi? Nimekuja... kuangalia bomba."

"Bomba la stoo?"

"Eeh."

"Stoo haina bomba."

Mdomo usio na koki ukakauka kabisa. Mke wangu akanyoosha mkono, akaichukua ramani. Akaufuata mstari mwekundu kwa kidole, pole pole, kama nilivyoufuata mimi. Kidole kikasimama pale pale kwenye msalaba.

Angenipiga kofi ningepata nafuu.

"Umechora mpaka duara," akasema. "Mimi niko chumba cha mbele siku nzima, hatua kumi kutoka hapa stoo. Ungeniuliza tu."

Nikaomba radhi pale pale, mbele ya mama, mbele ya shemeji, maneno mengi kwa sauti ndogo.

"Malizaneni taratibu," mama akasema. "Mimi nimebakiza nusu kilomita."

Adhabu yangu ilipangwa na mke wangu peke yake, wala haikuwa na rufaa. Kila mwezi nakwenda kunyolewa kwa yule kinyozi, kwa baiskeli. Na ndivyo ninavyofanya hadi leo. Jamaa ana kipara siku hizi, anamsifia mkewe mwanzo mwisho, na saluni nzima ina soketi moja, ya mashine yake. Kwenda na kurudi ni kilomita saba kamili, na vijiti viwili vya chaji vinaliwa. Siku ya kwanza niliporudi nikavitazama vile viwili vilivyozimika, nikajiona mjinga kuliko nilivyowahi kujiona.

Funzo langu kwenu ni dogo. Namba ikikukosesha raha, mwulize mtu unayeishi naye kabla hujafungua ramani. Namba itakuambia ngapi. Nani na kwa nini haitakuambia, na wewe utajaza mwenyewe kwa lile unaloliogopa.

Nimalizie na siku ya kliniki iliyofuata.

Nilisimama kando ya gari, mlango wazi, mikono haina kazi. Mama akatoka barazani na mkongojo. Mke wangu yuko pembeni yake, hamgusi. Majirani walikuwepo, kama kawaida yao. Mama alikuwa amefumbua macho, tena anawaamkia mmoja mmoja kwa majina.

Alifika, akashika mlango, akaketi mwenyewe. Nikazunguka, nikakaa kwenye usukani, nikaliwasha gari. Uso wangu ulikuwa umelowa na sikutaka auone.

"Ngapi?" akaniuliza.

"Nini, mama?"

"Usijifanye hukuhesabu."

"Hatua kumi na tisa."

Akavuta mkanda, akaufunga.

"Toa kidaftari," akasema. "Andika."