Muhogo Juu ya Mwamba

Harufu ya muhogo uliolowekwa hunisimamisha mpaka leo. Nikiikuta sokoni hapa Songea, kabla ya kuuliza bei hutazama juu kwanza. Msinicheke. Kisa hiki nimekiandika na kukifuta mara nyingi kwa kuogopa kukikosea.

Tulikaa Mfaranyaki, hapa hapa mjini, miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena na mitumba ikamwagwa kila kona. Wachuuzi waliotoka mpakani walikuja pia na habari kwamba ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, mabomu yanalia. Mama alizaliwa huko mpakani, na vita ya Mreno ilimkuta akiwa mtoto. Hakungoja mabomu yavuke mto. Alimwacha baba na duka lake, akanipeleka kwa bibi mzaa baba, kijijini upande wa Hanga. Gauni langu jeupe alilizika chini kabisa ya kapu.

“Cheupe kinaita ndege,” alisema.

Nilimwamini, hata sahani nyeupe nikaiogopa. Lakini nyuma ya nyumba bibi alikuwa na mwamba mpana, na juu yake alianika muhogo, mweupe pe. Mchana kutwa niliuona unaita.

Siku moja ndege ikalia kweli. Nilikimbilia ndani, nikachungulia mlangoni. Bibi alikuwa anapepeta mahindi. Alisema ni ndege ya mapadri wa misheni tu, na kama inautamani muhogo wake ishuke isaidie kumenya. Mama hakucheka. Alikimbia hadi mwambani, akatandaza kanga yake nyeusi, akajilaza kifudifudi juu ya muhogo na kuukumbatia.

Ndege ilipita, mama asiinuke. Bibi aliweka ungo chini, akaenda kuketi kando yake.

“Imekwenda, mwanangu.”

“Bado, mama.”

Watoto wa jirani walicheka, nami nikaona aibu. Nilidhani hakuna mwoga kama mama yangu.

Mwaka jana, tukimenya muhogo jikoni kwake, nilimuuliza mama habari ya siku ile. Alijibu bila kuinua macho.

“Wakati wa Mreno, ndege ilipolia, mama alinituma nikaanue muhogo. Nikajificha. Akaenda mdogo wangu. Hakurudi.”

Akachukua muhogo mwingine, akaendelea kumenya. Nami nikaweka kisu chini. Siku ile kwa bibi mimi ndiye niliyekimbilia ndani. Mama alikwenda kuanua.