Jiwe Lenye Kona

Mara tatu niliitwa mahojiano ya kazi, na mara tatu nikarudi kukunja taulo katika kiwanda cha kufulia mjini Savage. Kenya nilikuwa muuguzi miaka kumi na mmoja. Hapa Marekani nilitaka kazi ya kuhudumia wagonjwa tu, katika hospitali moja ya Maplewood, lakini kila nilipoulizwa kwa nini wanichukue, nilijibu, "Nitajaribu."

"Utajaribu nini, surely?" dada yangu alinifokea. "Huku usipojisifu hakuna mtu ataku-notice. Jiuze!"

Nikajiandikisha darasa la Kiingereza mjini Saint Paul. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni outstanding, akaeleza kuwa ni sifa ya kitu kinachojitokeza kwa ubora kuliko vingine. Kisha akataka kila mmoja ajisemee: mimi ni outstanding. Mama wa Kikorea niliyeketi naye, aliyekuwa akitafuta kazi ya jikoni, alijiziba mdomo kwa kiganja. Mimi nami niliinama. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mama yangu hakunilea nijitembeze.

Wakati wa mapumziko nilimweleza yule Mkorea methali hiyo kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Kwao, alisema, jiwe lenye kona ndilo linalopigwa patasi.

Tulicheka, kisha nikakasirika. Chema hujiuza pale watu wanapokiona. Kule nyumbani wodi nzima ilinijua. Hapa nani angenijua, na mikono yangu wameiona wapi ikifanya kazi?

Tukaanza mazoezi kwenye treni ya Green Line: yeye anisifu mimi, mimi nimsifu yeye. Kumsifu mwenzako hakuna shida, neno lilitoka bila kusukumwa. Lakini nilipomwambia sasa aanze na "mimi", kiganja kilipanda mdomoni.

Mahojiano ya nne alinisindikiza. Nilishika kiti kwa mikono miwili, nikasema, "Mimi ni outstanding," nikataja wodi, miaka, na kazi niliyoifanya. Kisha nikangoja patasi. Yule bosi aliyenihoji aliandika tu, akauliza naweza kuanza lini.

Nilimkuta mwenzangu kwenye benchi karibu na lifti. Mahojiano yake ya kazi ya jikoni yangekuwa Alhamisi. Niliukamata ule mkono wake wa kuzibia mdomo, nikaung'ang'ania, na sikuuachia mpaka alipolisema neno lile, akianza na "mimi".