Tiketi kwa Thamani Yake

Mpaka leo nikisikia redioni kwamba nauli imepanda, siulizi imepanda kiasi gani. Nauliza inaanza lini. Watoto wangu wananicheka, wanasema mzee huyu hesabu zake ziko kinyume, mtu mwenye akili anauliza bei kwanza. Nawaacha wacheke. Bei utalipa au utashindwa, basi. Kilichoniumiza mimi ni siku.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye mistari ya nyumba huku Gorong'a, na basi la kwenda Tarime lilikuwa moja tu, mali ya mfanyabiashara wa mjini. Lilikuja likipata mafuta. Tiketi ulinunua mapema kwenye duka la ushirika, kwa yule yule anayekupimia sukari siku ikiwepo. Ukishainunua ulitulia, maana safari ilikuwa yako.

Mke wangu nilikuwa nimemwacha hospitali mjini, mimba yake ikiwa imekomaa. Mtoto alikuwa amelala kukingama tumboni. Daktari alitueleza taratibu, tukamwelewa: uchungu ukianza lazima apasuliwe, la sivyo watakufa wote wawili. Mimi nikaweka sahihi palepale. Mke wangu akakataa. Hakupiga kelele, alisema tu, "Mpaka mama aje. Mama akisema ndiyo, mnipasue. Akisema hapana, mniache." Nilimbembeleza, nikagomba, nikamkasirikia daktari wa watu ambaye hakuwa na kosa lolote. Ilikuwa kazi bure. Dada yake mkubwa aliwahi kupasuliwa katika hospitali ya mbali, akarudishwa nyumbani ndani ya sanduku. Tangu siku ile mama yao alikuwa hataki hata kusikia habari za kupasuliwa mtu. Sasa ndiye aliyetakiwa aje kusema ndiyo.

Nikarudi Gorong'a kumfuata. Na hapa asiye mtu wa kwetu lazima nimweleze jambo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja anaingia porini upande wake mpaka mwenzake apite. Siyo ugomvi. Ni heshima, tena heshima kubwa. Nilikuwa nimeoa miaka kadhaa na sikuwahi kumsikia yule mama akiniambia hata neno moja.

Kwa hiyo nilimtuma dada yangu. Akaenda, akarudi.

"Amesema anakuja," akaniambia.

"Amesema atakubali?"

"Amesema anakuja."

"Wewe ulimuuliza kama atakubali?"

"Nilimuuliza. Akafunga kitenge chake, akasema anakuja. Sasa unataka nimpasue mdomo?"

Nilinunua tiketi mbili kwa pesa yote iliyobaki. Basi lilikuwa lije Jumatano.

Jumatano halikuja. Mafuta. Alhamisi halikuja, wakasema lazima kesho. Kutembea kusingewezekana, kwa sababu magoti ya mama mkwe yalikuwa mabovu na hata kufika dukani alikokotwa na wajukuu. Basi tukangoja, yeye kwenye baraza mbele ya duka, mimi nyuma ya duka ukutani, tusionane. Nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakaa, nainuka, nachungulia barabara, narudi. Wazee wakaniambia subira yavuta heri. Niliwaitikia kwa adabu, na moyoni nikawatukana, Mungu anisamehe. Kila nilipolisikia lori kwa mbali moyo uliruka, kumbe ni upepo tu kwenye mabati ya duka. Usiku sikulala, nilikuwa namwona mke wangu ameshika tumbo, anatazama mlango.

Ijumaa jioni redio ya dukani ikatangaza nauli mpya. Watu wakaguna kidogo, wakarudi kwenye mazungumzo yao ya ng'ombe walioibwa. Mimi nikazigusa tiketi zangu mfukoni na nikawahurumia ambao walikuwa hawajanunua. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Jumamosi basi likaja. Kondakta alikuwa kijana wa upande wa Sirari, Kiswahili chake kimechanganyika na cha ng'ambo ya mpaka. Akasimama mlangoni, akasema, "Ndugu abiria, tiketi za zamani zinatambulika kwa thamani yake." Tukafurahi sana. Sisi Kiswahili chetu ni cha shuleni na cha mnadani, na thamani tuliijua kama sifa: ng'ombe wa thamani, mtu wa thamani. Mama mmoja muuza vitunguu alimpongeza kabisa. "Umeona?" akamwambia mama mkwe wangu, "tiketi zetu wanaziheshimu." Wakakaa pamoja siti ya mbele, mimi nilikuwa nimeshatangulia mwisho kabisa, nimeinamisha kichwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kijana ana maana gani.

Tulipofika Nyamwaga tukamwelewa. Basi lilisimama, kondakta akaanza kukagua kuanzia mbele, akawa anatenga watu. Aliyekuwa na pesa ya kuongeza aliongeza. Asiyekuwa nayo aliambiwa achukue mzigo wake. Nauli ilikuwa imepanda kiasi kwamba tiketi ya zamani ya kufika Tarime sasa ilikuleta Nyamwaga tu. Hiyo ndiyo ilikuwa thamani yake.

Zilizuka kelele za kutosha. Mzee mmoja alisema alinunua tiketi ya Tarime, hakununua tiketi ya Nyamwaga, na imeandikwa Tarime, asomewe kama kijana hajui kusoma. Kondakta hakukasirika, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. "Mzee, si mimi nimepandisha. Nikiwabeba bure mwenye gari atanikata mshahara. Sasa mnataka nifanye aje?" Nilijipekua mifukoni huku najua hamna kitu. Wa kumkopa hakuwepo, kila mtu alikuwa anajipekua hivyo hivyo.

Akamfikia mama mkwe wangu. Yule mama hakuinuka. Alishika chuma cha siti iliyo mbele yake kwa mikono miwili, akatazama dirishani. Kondakta akakishika kifurushi chake ili akitoe nje, na hapo damu ikanipanda. Nikasimama kule nyuma nikapaza sauti, "Kiache hicho kifurushi!"

Akaja mpaka kwangu. "Mura," akaniita, kama tunavyomwita kijana kwetu, "na yako pia inaishia hapa."

"Naijua inaishia wapi. Tiketi mbili za zamani zinampeleka mtu mmoja Tarime?"

Akafikiri. "Nikisema wewe hukupanda, zinampeleka."

Sasa sikilizeni. Mtu akiisikia habari hii leo anasema, aah, mzee alifanya ukarimu. Ukarimu gani? Niliogopa. Mimi nilikuwa nasafiri kwa sababu moja: yule mama akisema hapana, niwepo. Nilikuwa nimeshaapa kwamba siku hiyo mila itanisamehe, nitasimama mbele yake nimpinge, nimpigie magoti, liwalo na liwe. Sasa nilikuwa namweka peke yake njiani kwenda kwa mke wangu, akiwa na neno mdomoni ambalo sikulijua. Lakini nikienda mimi bila yeye, sahihi yangu ilikuwa imeshawekwa na haikuwa imesaidia kitu. Nikampa kondakta tiketi yangu.

"Mpelekee yule mama."

"Si umpe wewe mwenyewe? Mmekosana?"

Watu wakacheka. Nikamwambia ni mama wa mke wangu. Waliokuwa wa kwetu wakanyamaza, mmoja akamvuta kondakta shati akamnong'oneza. Tiketi ikapita mkono kwa mkono mpaka mbele, mama muuza vitunguu akaipokea, akaiweka juu ya kifurushi. Mama mkwe aliitazama pale ilipo. Hakugeuka nyuma.

Basi lilikuwa na mlango mmoja, mbele, karibu na goti lake. Ningepitaje? Nikatokea dirishani. Suruali ikachanika kwenye chuma, watoto wa Nyamwaga wakashangilia kama wameona sinema. Nilipokuwa najikung'uta vumbi mama muuza vitunguu akatoa kichwa nje.

"Mkweo anauliza umevaa viatu gani."

"Mwambie makatambuga, ya tairi."

Akaingiza kichwa, akakitoa tena. "Anasema vizuri."

Gari lilikuwa limeshawashwa. Nikalikimbilia. "Mwambie akubali!"

"Akubali nini?"

"Mwambie tu akubali!"

Akaweka mkono sikioni. Basi likaondoka, na sikujua kama neno langu lilifika.

Nikashika njia kwa miguu. Gari lingine halikupita, isipokuwa trekta la kijiji lililokuwa linaelekea nilikotoka, na dereva wake akanipungia mkono kwa furaha. Kila mzee niliyekutana naye alitaka shikamoo yake, kisha habari za Gorong'a, za mvua, za mifugo, na mimi nilikuwa najibu huku miguu yangu imeshaondoka. Mmoja aliniuliza nafukuzwa na nani. Njia nzima nilikuwa naongea na mama mkwe wangu. Maneno yote ambayo mila ilininyima nilimwambia siku ile, barabarani, kwa sauti. Nilimwambia kwamba mwanawe aliyekufa hakuuawa na kisu, alifikishwa akiwa amechelewa. Nilimwambia kwamba kama ni hofu, mimi ninayo kuliko yeye. Nilimgombeza. Halafu nikamwomba radhi, halafu nikaanza upya. Giza liliponikuta katekista mmoja alinipa mkeka na ugali. Ugali ulinishinda. Kabla jogoo hawajanyamaza nilikuwa nimeshamshukuru na kuondoka.

Jua lilikuwa limepanda nilipolikaribia eneo la hospitali. Kabla ya geti kulikuwa na shamba la mahindi kila upande wa barabara. Nikamwona mama mkwe amekaa kwenye jiwe kando ya njia. Naye akaniona. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikaacha barabara, nikaingia kwenye mahindi, nikampa mgongo, nikangoja apite.

Nikasikia majani yanavunjika nyuma yangu. Alikuwa ananifuata na magoti yake yale.

Nikasema moyoni, basi, mke wangu amekufa. Hakuna kitu kingine kinachoweza kumwingiza mama huyu kwenye mahindi nilimo mimi.

"Mwanangu, simama," akasema. Nilikuwa nimesimama. Akanishika mkono, juu kidogo ya kiganja, akakaza. "Mke wako yu hai."

Sikuweza kugeuka.

"Wamempasua jana," akasema. "Nilisema ndiyo nikiwa bado mlangoni, hata sijamwona."

"Na mtoto?"

Niliisikia pumzi yake, ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. "Walimkuta ameshakwenda. Uchungu ulimshika mwenzio Ijumaa. Akawa anatungoja."

Nilitaka kusema kuhusu Jumatano. Nilitaka kuipigia kelele ile Jumatano, na basi, na mafuta. Nikageuka, nikauona uso wake kwa mara ya kwanza kwa karibu, na nikaona kwamba na yeye yuko kwenye Jumatano hiyo hiyo. Una macho ya mke wangu, ndilo nililokuwa nafikiri. Aibu haikuwepo tena, ilikuwa imeondoka sijui saa ngapi.

"Ameshaambiwa?"

"Bado. Dawa ilikuwa imemlaza. Nimeshindwa peke yangu. Nimekungoja."

Tukatoka kwenye mahindi tukaingia barabarani. Hakuniachia mkono, nami sikuuvuta. Pale getini walikuwepo watu wa kwetu, wanaotujua, wakatutazama kisha wakatazama chini. Tukapita kwenye korido ndefu yenye harufu ya dawa ya kusafishia, mwendo wa magoti yake, polepole, na kwa mara ya kwanza wiki nzima mimi sikuwa na haraka. Ningependa korido ile iendelee mpaka Musoma.

Mke wangu alikuwa amelala chali, uso ameuelekeza mlangoni. Tukasimama kando ya kitanda. Alifungua macho akaniona, akatabasamu kidogo. Kisha akamwona mama yake, akaona tumesimama upande mmoja, bega kwa bega, na mama yake amenishika mkono. Hakuuliza habari za mtoto. Alijivutia shuka mpaka usoni, akaanza kulia.