Maji Yenye Dawa

Rehani Kibwana alikereza vyuma miaka kumi na tisa katika kiwanda kimoja cha hapa Morogoro. Mimi nilikuwa chumba cha pili, idara ya rangi, na kelele za mashine yake ndizo zilizoniharibia sikio la kushoto. Kiwanda kilipobinafsishwa tulipunguzwa siku moja. Mnunuzi alikuja, akatazama, akafunga geti, na mle ndani mmeota majani. Mimi nikaingia kwenye kuandika matangazo ya ukutani, maana siku hizo hata muuza vitumbua alitaka jina na rangi. Rehani akabaki nyuma ya nyumba yake Mwembesongo na mashine chakavu, akikereza vyuma vya baiskeli, mtu mpole mpaka unamkasirikia.

Jirani na mtaa wetu kulikuwa na ghala la chama cha ushirika kilichokufa. Mle yalibaki mapipa ya DDT, dawa ya wadudu wa pamba. Ukiuliza serikalini, wanakwambia ni ya ushirika. Ushirika wenyewe ungeuulizia makaburini. Mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba zikaingia ghalani, mapipa yaliyooza yakamwaga, na kilichomwagika kikateremka hadi kisima chetu.

Aliyekuja kutueleza alikuwa Hosiana, fundi wa maabara chuoni, binti mwenye subira nyingi. Alimwamkia Rehani, kisha akaomba kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiomba: chenga za chuma zinazodondoka chini ya mashine.

"Sumu hii, mzee, ukali wake umo kwenye klorini iliyoishikilia," alisema. "Chuma kisicho na kutu kinaing'oa ile klorini. Chenyewe kinaliwa, lakini sumu inavunjika. Polepole lakini. Inaweza kuchukua miezi."

Sijapata kumwona Rehani akiwa na furaha kama wiki zile. Chenga zilikuwa na mafuta ya mashine, na chuma chenye mafuta hakifanyi kazi, basi alizifua kwa sabuni kama nguo za harusi, akazianika juani na kuzigeuza upesi zisishike kutu. Walichimba mtaro kati ya ghala na kisima, wakaujaza mchanga na chenga ili maji yapite humo. Mkwewe Hafidha, aliyekuwa amejifungua mwezi ule, alimcheka kwamba sasa baba anapika pilau la vyuma. Rehani naye akacheka. Alikuwa amepata kazi tena, hata kama hakuna aliyemlipa.

Chenga hazikutosha. Akaamua kwenda Dumila kuzunguka kwenye karakana za barabarani kukusanya nyingine. Kabla hajaondoka alinijia.

"Yunusi, niandikie kibao pale kisimani. Watu wajue maji yana dawa, wasichote mpaka nirudi."

Niliandika mimi. Rangi nyekundu nilikuwa nimeimaliza kwenye tangazo la soda, nikatumia buluu iliyobaki. Herufi kubwa, zilizonyooka, kazi ya mtu aliyefundishwa kiwandani: MAJI HAYA YANA DAWA. Nikasimama mbali kidogo, nikajisifu.

Rehani alikaa Dumila siku nne. Aliporudi na viroba viwili begani, kisimani kulikuwa na foleni ya ndoo ambayo haijapata kuonekana. Watu walitoka mpaka mitaa ya ng'ambo. Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kinaua, na gari la afya lilipita kila siku na kipaza sauti: kunyweni maji yenye dawa, msinywe maji yasiyo na dawa. Sisi wawili, wazee wazima tuliokuwa tunalisikia gari hilo hilo, tulikuwa na dawa moja tu kichwani, ile ya mapipani.

Rehani aliangusha viroba, akaanza kumwaga ndoo za watu. Hapo wakamgeuka. Mama mmoja, Mwaisha, mpole siku zote, alimwambia mbele ya wote, "Kiwanda wameuza, ushirika wameuza, sasa na wewe unataka kutuuzia kisima." Niliking'oa kile kibao kwa mikono yangu, nikawaeleza kwamba kosa ni langu. Wakasema nimepewa changu. Usiku huo huo wakachota, na asubuhi wakachota tena. Nina hasira nao hadi leo, na najua sina haki nayo.

Hafidha alikuwa amechota tangu siku ya kwanza. Alimwambia mkwewe kwa heshima, macho chini, "Baba, nilijua ni maji yako uliyoyatengeneza. Nikawa nakunywa mengi, maziwa yatoke."

Watu husema majuto ni mjukuu. Rehani yalimfikia hivyo hivyo kama yalivyosemwa, yakiwa yamefungwa khanga mgongoni mwa Hafidha.

Mtaro uliendelea kufanya kazi. Hosiana alipima, akasema DDT imepungua, ingawa chuma kiling'oa klorini moja na kuacha nyingine, na kilichobaki nacho ni sumu, ndugu yake yule yule. Kisha siku moja, nami nikiwa pale kwa Rehani, alikuja na kichupa kidogo. Akaomba Hafidha akamulie maziwa humo, yeye akayapime chuoni, kwa sababu sumu hii hupenda kukaa kwenye mafuta ya mwili na hutokea kwenye maziwa ya mama.

Hafidha alinyoosha mkono kukipokea. Rehani akamzuia.

"Ukishapima, binti yangu, utamfanyia nini?" alimuuliza Hosiana. "Mtaro nimechimba. Kifuani kwa mtu nitaweka chuma wapi?"

 Hosiana alikirudisha kichupa mkobani, na mtoto akaanza kulia kwa njaa, na Hafidha akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja, akingoja aambiwe kama amnyonyeshe.